Uzi: Kiraka kilichoandikwa "usiguse - Mbalizi", na miaka yangu ya kutunza msimbo wa njia ndani ya keneli

#1 Fundi wa Uyole (Mbeya)

Wakuu, habari za jioni.

Baridi ya Juni imetuingiza ndani mapema leo, nikaona niandike jambo ambalo vijana wa huku Nyanda za Juu Kusini wananiuliza kila mara: kuna kazi gani ya kutunza msimbo wa uelekezaji kwenye mfumo wa Unix? Si mtandao unapita tu? Nitajibu kwa kisa changu. Ni kirefu, mwenye haraka aweke alama arudi baadaye.

Niliajiriwa na kampuni moja ndogo ya kuuza intaneti hapa mjini, sitaitaja. Ruta zao hazikuwa za dukani. Zilikuwa kompyuta za kawaida zenye kadi nne nne za mtandao, zinaendesha OpenBSD, mfumo endeshi wa ukoo wa Unix. Aliyezijenga alikuwa ameshaondoka. Nilikabidhiwa nenosiri kwenye karatasi, daftari lenye mchoro wa minara, na faili moja la mistari kama sitini, jina lake `njia.diff`. Nikaambiwa kila nikipandisha toleo niweke hicho kiraka (mabadiliko madogo ya kuingiza kwenye msimbo) kwanza, halafu nijenge keneli upya. Nikauliza ni cha nini. Hakuna aliyejua. Ndani yake kulikuwa na maelezo ya mstari mmoja tu:

`/* usiguse - Mbalizi */`

Nikatii. OpenBSD hutoa toleo jipya kila baada ya miezi sita, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka nilikuwa naweka kiraka, najenga keneli, nawasha ruta upya usiku wa manane, naomba Mungu, nalala.

Kwa ambao hawajawahi kushuka huko chini, nieleze kidogo. Kila mfumo wa ukoo wa Unix, uwe wa BSD au Linux, una jedwali la njia ndani ya keneli, yaani kiini chenyewe cha mfumo. Pakiti ikiingia, keneli inasoma anwani ya inakokwenda, inatafuta kwenye jedwali, inaitoa kupitia intafesi inayofaa, yaani mlango wa mtandao kama kadi. Inafanya hivyo kwa kila pakiti, maelfu kwa sekunde. Na kanuni ni moja: njia iliyo mahususi zaidi ndiyo inayoshinda.

Nenda kasimame njiapanda ya Uyole utaiona kanuni hiyo ikifanya kazi. Abiria wa Dar ananyoosha kuelekea Igawa na Makambako. Abiria wa Kyela anakata kulia kushika barabara ya Tukuyu. Abiria wa Kiwira hana gari lenye kibao cha Kiwira, lakini wapiga debe wote wanajua Kiwira iko njia ya Tukuyu, basi anapakiwa humo. Na yule ambaye kibao chake hakipo kabisa anapelekwa kwenye njia ya jumla, wenzake wa mbele watajua la kufanya. Kwenye jedwali ni hivyo hivyo: ukiwa na njia ya 10.20.0.0/16 na nyingine ya 10.20.5.0/24 (namba ya mwisho ni biti ngapi za mwanzo zinazohesabika), pakiti ya 10.20.5.9 itafuata ya pili kwa sababu imetaja mtaa, wakati ya kwanza imetaja wilaya.

Ugumu wa msimbo huu ni kwamba utafutaji huo lazima uwe wa haraka mno, na wakati huohuo jedwali linabadilika. Njia zinaongezwa, zinafutwa, linki zinakufa, huku pakiti zinaendelea kupita katikati ya mabadiliko. Hapo ndipo makosa yanapozaliwa.

Tukafika 2016, toleo la 5.9. Nikaweka kiraka kama kawaida, kikakataa. Vipande vyote. Nilidhani nimekosea saraka, nikarudia, kikakataa tena. Ikabidi kwa mara ya kwanza nifungue msimbo wenyewe nisome, jambo ambalo ningepaswa kulifanya siku ya kwanza ya kazi.

Nikakuta nyumba imejengwa upya. Mti wa zamani wa kutafutia njia, ambao Keith Sklower wa Berkeley aliuandika na ukaingia kwenye 4.3BSD-Reno mwaka 1990, ulikuwa umeondolewa kwenye kazi hiyo. Mahali pake paliwekwa ART, muundo uliobuniwa na Yoichi Hariguchi. Naomba nikae hapa kidogo maana ndipo nilipoanza kuupenda msimbo huu. Mti ule wa 1990 uliandikwa kabla CIDR, utaratibu wa sasa wa kugawa anwani, haijaja mwaka 1993. Enzi hizo barakoa ya anwani (biti zinazoonyesha sehemu ipi ya anwani ni ya mtandao) iliruhusiwa kuwa na matundu katikati, biti za moja na sifuri zimechanganyika. Kwa hiyo mti ulibeba orodha za barakoa zilizoning'inia kwenye matawi, na msimbo wa kurudi nyuma kuzipitia moja moja. Miaka zaidi ya ishirini hakuna mtu mwenye akili timamu aliyeweka barakoa ya namna hiyo kwenye mtandao wa kweli, lakini kila aliyeutunza mti ule alilazimika kuzielewa hizo orodha kabla ya kugusa chochote. ART inachukulia kwamba barakoa haina tundu. Inakata anwani kwa mafungu ya biti, kila fungu lina jedwali lake dogo, na utafutaji unakuwa kuruka kutoka jedwali moja kwenda jingine. Uzito wa miaka ukatuliwa mara moja.

Na kiraka changu kilikuwa kimeshonwa kwenye nguo ambayo haipo tena.

Nikakishona upya. Usiku mbili. Keneli ikajengeka, ruta ikawaka, wateja kimya. Nikajiona fundi.

Baada ya wiki kama tano ruta ya mlimani ikaganda. Nikaiwasha upya. Baada ya wiki nyingine tano, tena. Nilibadilisha kadi za memori, nikabadilisha pawa saplai, nikalaumu joto (joto gani huku kwetu!). Mara ya tatu niliamua kukesha nayo. Saa tisa usiku nimekaa nimejifunika blanketi, naandika `vmstat -m`, amri ya kuonyesha keneli inavyotumia memori, nasubiri nusu saa, naandika tena, naweka namba kwenye daftari. Mstari mmoja ulikuwa unapanda tu haushuki: `rtentry`. Hizo ndizo kumbukumbu za njia. Nikaangalia jedwali kwa `netstat -rn`, nikahesabu: njia mia tatu hivi. Kule kwenye memori, `rtentry` zilizo hai zilikuwa zaidi ya elfu arobaini.

Njia elfu arobaini zilizofutwa kwenye jedwali lakini hazijaachiwa.

Nieleze kwa nini. Keneli ikikupa njia uitumie, inaongeza hesabu ya walioishika. Ukimaliza lazima uirudishe kwa `rtfree`, hesabu ipungue. Ikifika sifuri na njia ikiwa imefutwa, memori yake inaachiwa. Ni kama kreti za soda. Ukichukua kreti duka la jumla pale Mwanjelwa unaandikwa, ukirudisha chupa tupu jina linafutwa. Kiraka changu kilikuwa kinarudisha chupa vizuri katika hali ya kawaida. Lakini kulikuwa na tawi moja, pale intafesi inapoonekana imekufa, ambapo nilikuwa natoka kwa `return` bila kupita dukani. Tawi moja, mstari mmoja umekosekana. Na kwenye OpenBSD hata anwani za ARP za wateja (zinazooanisha anwani ya IP na kadi ya mtandao) zinakaa humo humo kwenye jedwali la njia, zinazaliwa na kuisha siku nzima, kwa hiyo kreti zilikuwa zinapotea mchana na usiku.

Kosa la kinyume ni baya zaidi. Ukirudisha mara mbili, keneli inaachia memori wakati mwingine bado anaisoma. Hapo hupewi wiki tano, mfumo unaanguka papo hapo, au unaharibu kitu kingine kimyakimya ambacho utakiona mwezi ujao mahali pasipohusika.

Niliongeza mstari uliokosekana. Lakini safari hii sikulala. Nilimtafuta yule aliyenitangulia, nikapata namba yake kwa mtu wa tatu, nikampigia. Nikamuuliza: kaka, Mbalizi kulikuwa na nini?

Akacheka, akasema: umeme. Umeme ulikuwa unakatika Mbalizi, redio ya mnara wa kule inazima. Lakini redio ya upande wetu ina umeme wake, na waya unaotoka kwenye ruta kwenda kwenye redio hiyo bado uko hai. Kwa hiyo ruta inaona linki ni nzima, inaendelea kumwaga pakiti hewani, na njia ya akiba haishikwi. Wateja wanapiga simu. Basi akaandika skripti ya kupiga `ping`. Ikikosa jibu inaweka alama ya `link2` kwenye intafesi, na keneli yenye kiraka ikiona alama hiyo inairuka njia ile.

Nikakaa nikaitafakari. Kama skripti imeshajua kwamba Mbalizi imekufa, kwa nini isibadilishe tu njia yenyewe kwa amri ya `route`? BSD ina soketi ya njia, ambayo programu yoyote iliyo nje yenye ruhusa inaweza kuitumia kuongeza, kubadilisha na kufuta njia bila kugusa keneli. Ndiyo mlango uliowekwa kwa kazi hiyo. Na zaidi ya skripti, kuna `ospfd`, programu inayofanya ruta zipeane habari za njia, imo ndani ya mfumo tangu toleo la 3.7 la mwaka 2005. Ruta mbili zinasalimiana kila sekunde 10; jirani akikaa kimya sekunde 40 anahesabiwa amekufa na njia zinapangwa upya. Salamu hizo zinapita hewani zenyewe, kwa hiyo redio ya Mbalizi ikizima, zinakatika kweli. Hazidanganywi na waya.

Mistari sitini ya kiraka, miaka ya kukishona na kukishonea tena, usiku wote ule, vikaisha kwa mistari kumi na moja ya `ospfd.conf`. Nikafuta `njia.diff`. Tangu siku hiyo ruta zetu zinaendesha keneli ileile wanayoendesha watu wote duniani, na wakikuta hitilafu wao, nami napona.

Ndiyo ninachotaka kusema kwenye uzi huu. Kazi ya kwanza ya kutunza msimbo wa njia ni kuuliza mstari huu upo kwa ajili ya nini, na kama sababu yake bado ipo. Karibuni kwa maswali na kwa kupinga.

#2 Kipunji (Tukuyu)

Ndaga fijo mkuu. Hiyo ya kreti za soda nimeielewa mara moja, na nimesomeshwa hesabu ya marejeleo chuoni muhula mzima bila kuielewa.

Niongezee kwenye kanuni ya "mahususi inashinda" ili watu waone nguvu yake. Februari 2008 Pakistan walitaka kuifunga YouTube ndani ya nchi yao. Wakatangaza njia ya 208.65.153.0/24, ikavuja nje kwa majirani zao, na YouTube wenyewe walikuwa wanatangaza 208.65.152.0/22. Kwa kuwa /24 ni mahususi zaidi, ruta za dunia nzima zikafuata ya Pakistan, YouTube ikapotea kwa saa kama mbili. Hakuna msimbo uliokosea hapo. Kila keneli ilifanya kazi yake sawasawa.

Swali langu: kwenye Linux nako ni hivyohivyo?

#3 Tunduma Mpakani

Mkuu kwa heshima zote, mimi sioni faida. Kampuni ina wateja, wateja wanalipa, halafu fundi anakesha na blanketi anahesabu rtentry. Nunua kisanduku cha MikroTik, ruta ya dukani, funga, nenda kalale. Huku mpakani malori yanasubiri nyaraka zipite, hakuna nafasi ya mtu kusoma msimbo wa 1990. Utunzaji wa keneli tuwaachie waliouandika.

#4 Fundi wa Uyole (Mbeya)

@Tunduma Mpakani, hoja yako ni ya haki na sehemu yake naikubali: ndiyo maana nimefuta kiraka. Lakini ndani ya kisanduku hicho kuna nini? RouterOS, mfumo wa MikroTik, inakaa juu ya keneli ya Linux. Msimbo ni uleule, umefunikwa tu na bati. Mtu fulani mahali fulani anakesha nao, na siku ukikosea wewe ndiye utakayepigiwa simu.

Na bati lina mipaka yake. Tarehe 12 Agosti 2014 jedwali la intaneti nzima lilivuka njia 512,000. Ruta nyingi za zamani za bei kubwa zilikuwa zimetengewa nafasi ya kiasi hicho tu kwenye memori yao maalumu ya kutafutia njia. Zikaanza kupoteza njia, nyingine zikaanguka, huduma zikayumba sehemu nyingi duniani. Wengi waliponea kwa kugawa upya memori ileile na kuwasha kifaa upya, lakini ilibidi ujue kuna kitu hicho cha kugawa. Leo jedwali la IPv4 limepita laki tisa. Sisemi kila mtu ajenge ruta yake. Nasema kila mji upate angalau watu wawili watatu wanaoweza kufungua na kusoma.

@Kipunji, Linux nitamwachia Dada Makambako kama yupo, yeye ndiye mwenyewe.

#5 Dada Makambako

Nipo kaka, nimesoma yote.

Linux ina jedwali la namna yake, mti uliobanwa, kila ngazi inameza biti kadhaa kwa mpigo. Lakini kabla ya mti kulikuwa na kitu kingine: akiba ya njia. Kila anwani iliyotafutwa karibuni iliwekwa pembeni, ili pakiti inayofuata isitafutiwe tena. Wazo zuri sana kwa mtandao wa watu kumi. Kwa ruta inayobeba mji mzima lilikuwa mtego, kwa sababu mtu wa nje anaweza kukutumia pakiti zenye anwani nyingi tofauti tofauti, kila moja ikadai nafasi, akiba ikajaa, mashine ikabaki inafagia akiba badala ya kusukuma pakiti. David Miller, aliyekuwa msimamizi wa upande wa mtandao wa keneli, aliiondoa akiba yote ya IPv4 katika toleo la 3.6 mwaka 2012. Ilibidi kwanza utafutaji wenyewe uharakishwe miaka kadhaa hadi akiba isihitajike tena. Naona inafanana na kisa chako cha barakoa zenye matundu.

Hilo lilinipata mkononi. Nilikuwa na mashine za CentOS 6 (aina mojawapo ya Linux), keneli ya 2.6.32, na nilikuwa nimeandika skripti ya kuchora idadi ya njia kwenye akiba, mchoro mzuri wa kijani, bosi anaupenda. Nikahamia CentOS 7, keneli ya 3.10. Asubuhi mchoro umelala chini kama maiti: sifuri. Niliendesha gari hadi Njombe kwenye mvua nikidhani mtambo umekufa. Nafika, kila kitu kinapita safi. `ip route show cache` ndiyo haikuwa na cha kuonyesha tena. Nilikuwa napima kitu kilichoondolewa.

Sasa naomba nikupinge kaka. Umemhukumu kirahisi yule aliyeandika "usiguse - Mbalizi". Usiku ule wateja wanapiga simu, alifanya alichoweza kwa alichokijua, na mtandao ukasimama. Kiraka cha haraka si dhambi. Kosa lake ni maelezo. Mimi hapa kazini kwangu kiraka chochote hakiingii bila kuandikwa juu yake tarehe, tatizo lilionekanaje, namna ya kulirudisha ili mwingine alione kwa macho yake, na la mwisho: kitafutwa lini, au kikitokea nini. Hilo la mwisho ndilo watu wanaliruka. Angeandika "futa siku redio ya Mbalizi ikipata betri", ungekifuta wiki yako ya kwanza.

#6 Fundi wa Uyole (Mbeya)

Dada, nimepokea. Ni kweli, nilimsema kwa hasira ya usiku ule wa blanketi, na haikuwa haki. Alipopokea simu yangu alieleza kila kitu kwa dakika kumi. Angeulizwa mapema angesema mapema. Hakuna aliyemuuliza, na mimi nilikaa miaka miwili bila kuuliza.

Hilo la "kitafutwa lini" naliongeza kwenye utaratibu wetu kuanzia kesho.

#7 Kipunji (Tukuyu)

Nimeweka kambi hapa. Mkuu swali lingine: hizo hesabu za kreti zinahitajika kweli? Kama jedwali liko ndani ya keneli na keneli ni moja, nani mwingine anashika njia wakati mimi naifuta?

#8 Fundi wa Uyole (Mbeya)

Swali zuri sana hili. Zamani ilikuwa karibu na usemavyo: kufuli moja kubwa kwa keneli nzima, anayeingia anafunga mlango, wengine wanasubiri. Lakini kompyuta za leo zina prosesa nne, nane, kumi na sita, na kufuli moja inawafanya wote wapange foleni kama wako dirisha moja la benki. Kwa hiyo kufuli kubwa linavunjwa polepole, kipande kwa kipande, kwenye mifumo yote ya ukoo huu. Sasa prosesa ya kwanza inasoma njia ya Mbalizi ili isukume pakiti, na katika chembe hiyohiyo ya sekunde prosesa ya pili inaifuta kwa sababu `ospfd` imesema jirani kafa. Hesabu ndiyo inayozuia memori isinyakuliwe mikononi mwa anayesoma.

Hata kabla ya prosesa nyingi, kuna wanaoshika njia kwa muda mrefu. Soketi ya TCP inahifadhi njia yake isitafute kila mara, na inaweza kukaa nayo saa nzima. Ndiyo maana OpenBSD ina `rtisvalid`: kabla ya kutumia njia uliyoihifadhi, uliza kwanza kama bado ni halali, maana kuishika si sawa na kuwa bado ipo kwenye jedwali.

#9 Gangilonga95 (Iringa)

Shikamoo mkuu, shikamoo dada. Mimi ni mwanafunzi hapa Iringa, mwaka wa tatu. Nimefungua huo msimbo, nimeona faili la `route.c`, nikasoma kuanzia juu, nikachoka kwenye mstari wa mia mbili. Naomba mnielekeze pa kuanzia. Nina kompyuta mbili za zamani na swichi moja nimeazimwa.

#10 Fundi wa Uyole (Mbeya)

Marahaba, kamwene Iringa. Usisome faili kuanzia juu, hakuna anayeweza. Shika pakiti moja uifuate. Inaingia `ipv4_input`, kama si ya mashine hii inapelekwa `ip_forward`, hapo njia inatafutwa, inakwenda `ip_output`, inatoka `ether_output`. Kila ukikuta kazi usiyoijua, andika jina lake pembeni, usiifuate kwanza. Fika mlango wa kutokea. Kisha rudi, chukua jina moja tu, ingia humo. `rtable.c` na `art.c` ziko saraka ya `sys/net`, ziache za mwisho.

Ukikuta mstari usioeleweka, tafuta historia yake: nani aliuweka, lini, aliandika nini siku hiyo. Maelezo ya siku ya kuuweka mara nyingi yana thamani kuliko mstari wenyewe. Na saraka ya `regress` ina majaribio. Ukiharibu kitu makusudi, endesha jaribio uone linavyolia.

Ila kabla ya yote hayo nakupa zoezi. Weka OpenBSD kwenye kompyuta zote mbili, ziunganishe, washa `ospfd` zisalimiane. Kwenye moja andika `route -n monitor` uiache wazi. Fanya mara mbili: kwanza waya wa moja kwa moja, chomoa. Pili pitisha kwenye swichi, chomoa upande wa mwenzake. Andika unachokiona na muda wake. Ukilielewa hilo umeielewa Mbalizi.

#11 Tunduma Mpakani

Kijana ukimaliza leta majibu hapa. Nami nina MikroTik mbili zimekaa bure, nitajaribu hilo la swichi nione zinafanyaje.

#12 Gangilonga95 (Iringa)

Wakuu nimefanya. Samahani nimechelewa, siku mbili hizi umeme ulikuwa wa kubahatisha.

La kwanza: nimechomoa waya, papo hapo kioo kimeandika RTM_IFINFO (taarifa ya hali ya kadi), na mbele ya jina la kadi `no carrier`, yaani linki imekatika. Hata sekunde haikupita.

La pili: nimepitisha kwenye swichi, nikachomoa upande wa kompyuta ya pili. Kimya. Nikaangalia `ifconfig`, inasema `active`. Nikapiga `ping`, hakuna jibu, na `ifconfig` bado inasema `active`. Taa ya kadi inawaka kijani kabisa. Nilikuwa naitazama ile taa na najua ni uongo. Nikaanza kuhesabu kwa saa ya simu. Sekunde 37 ndipo `ospfd` ikamwacha jirani na ujumbe wa njia kubadilika ukatokea kwenye kioo.

Lakini mkuu ulisema 40. Nimekosea wapi?

#13 Fundi wa Uyole (Mbeya)

Hujakosea. Zile 40 hazianzi pale ulipochomoa, zinaanza kwenye salamu ya mwisho iliyofika. Salamu yako ya mwisho ilifika sekunde tatu kabla hujagusa waya. Salamu zinakuja kila sekunde 10, kwa hiyo ukichomoa mara nyingi utapata namba yoyote kati ya 30 na 40.

Chomoa mara kumi uniletee zote.